Hoteli Niliyoifungua kwa Mdomo

Mkicheka, mcheke polepole, maana hii habari nimeisimulia mara mbili tu tangu itokee, mara ya kwanza nikilia na mara ya pili nikiwa nimelazimishwa, na hata leo nikipita karibu na ofisi ya chama chetu kule mjini navuka barabara nitembee upande wa pili, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, mama wa msichana wa kidato cha tatu, nimeinamisha kichwa kama mtu aliyeangusha shilingi. Naona aibu. Nimeanza kwa kusema hivyo ili msije mkanieleza nyinyi, najua nilichofanya.

Kwanza niwaambie nilichokuwa nacho. Hoteli yangu ilikuwa Dagoretti, hatua chache kutoka machinjioni, banda la mabati lenye mabenchi sita na majiko mawili ya kuni, na kufika saa kumi na mbili asubuhi wachinjaji walikuwa wameshaingia na magambuti yao ya mpira yaliyolowa, wanabishana kuhusu mbuzi wa nani alikuwa na uzito gani, mmoja anataka chai ya kwanza, mwingine anataka chapati ya moto lakini siyo ile ya juu, ile ya katikati, na mimi nawafokea wote kwamba Mungu alinipa mikono miwili. Nilikuwa nalalamika kila siku. Miguu inauma, moshi unaniingia machoni, watu wanakula kwa deni. Hoteli ilipoenda, niliendelea kuamka saa kumi usiku, saa ile ile ya kukanda unga, kwa sababu mwili ulikuwa haujapata habari, nikalala hapo nikiangalia dari na kutamani mtu mmoja tu anisumbue kuhusu chapati.

Katikati ya hao watu kulikuwa na Wambua. Wambua alikuwa dalali wa mbuzi, anawaleta kwa lori kutoka kwetu Makueni, anauza, anakula, anarudi, na kwa miaka minne alikaa benchi moja, lile la karibu na mlango, akila ndengu na chapati mbili na kuniambia maneno yasiyozidi kumi. Sasa mtu wa maneno kumi ukimzoea, yale kumi unayabeba siku nzima. (Mume nilikuwa naye zamani, akaenda zake binti yangu Mutheu akiwa hajaota meno, basi hiyo tuiache.) Kuna siku Wambua aliona mguu wa benchi umelegea, hakusema kitu, safari iliyofuata akaja na nyundo. Kuna siku nilishikwa na homa, akavua koti lake la kaki akaosha vyombo vyote, wachinjaji wakamcheka mpaka wakachoka, yeye anasugua tu. Hakuwahi kuniambia neno la maana na mimi sikuwahi kuuliza, nilidhani muda tunao.

Halafu mama yake akaugua, akaniambia anarudi nyumbani kumwangalia, hajui mpaka lini. Nilimfungia chakula cha njia kwenye mkebe wangu mzuri, ule wa aluminiamu wenye mfuniko na mkono wa waya, chapati sita chini na ndengu juu, nikamwambia kwa sauti ya ukali (ukali ndio niliokuwa nao karibu), "Na huo mkebe wangu nautaka."

"Utaupata," akasema.

Mwaka ukapita. Mkebe haukurudi, na mwenye mkebe, yaani mimi, nikawa kila lori la mbuzi likisimama natoa kichwa mlangoni nikijifanya natupa maji.

Kisha ikaja ile mvua ya mafuriko. Kijito cha nyuma ya banda, ambacho miaka yote hakikuwa na kazi ila kupokea maji ya vyombo, kilipanda mchana mmoja kikabeba majiko, mabenchi, magunia mawili ya unga na ukuta wa nyuma wote, na kesho yake nilikuwa nimezama kwenye matope hadi magotini nikitafuta sufuria. Nilipata tatu. Kuanzia hapo nikawa mtu wa kufua nguo, siku tatu kwa wiki naenda Parklands kwenye maghorofa, napanda ngazi mpaka ghorofa ya tano, nafua, nashuka, na jioni narudi chumba changu cha Kinoo vidole vimekunjamana. Wenye nyumba walikuwa watu wazuri, sina la kusema. Lakini hakuna aliyenijua jina.

Ndipo serikali ikatangaza mkopo wa dharura wa biashara ndogo zilizoharibiwa, na safari hii haikupitisha pesa kwa benki kubwa (benki kubwa ingeniuliza hati, na hati niliyo nayo mimi ni ya ubatizo), ikapitisha kwa vyama vidogo vya akiba na mikopo vya watu wanaojuana, vya wanawake, vya walemavu, vya jamii ambazo benki hazizijui, na chetu cha watu wa Ukambani tulio huku magharibi ya Nairobi kikawa kimojawapo. Kwa vile hatuna cha kuweka rehani, chama chetu kina utaratibu wake. Siku ya mahojiano unasimama mbele ya wanachama, unaeleza biashara yako ilivyoanguka, na watu watatu wanaokujua wanasimama kusema ni kweli, tuliona kwa macho. Ukikosa watatu, unaenda nyumbani. Na hisa zako ziwe zimefika kiwango. Zangu zilikuwa zimebakisha kidogo, na hicho kidogo nilikuwa nimekikusanya kwa kufua mashuka ya watu, kiko kwenye simu, kinangoja Jumanne.

Kumbukeni hiyo Jumanne. Mimi niliisahau siku mbili kabla yake, Jumapili, saa tano na nusu asubuhi, kanisani.

Nilikuwa nimekaa mstari wa tatu. Nikageuka tu, hivi, kuangalia nani anakohoa, na mlangoni alikuwa amesimama Wambua. Koti lile lile la kaki. Amekonda. Nywele zimeanza kuwa nyeupe juu ya masikio, na ameshika kofia kwa mikono miwili akitafuta pa kukaa, na mimi moyo wangu ulifanya mambo ambayo sikujua unaweza bado kuyafanya. Kitu cha kwanza kilichonijia, badala ya kumshukuru Mungu, kilikuwa vidole vyangu. Nilivificha chini ya Biblia. Nikafikiria atakuja kunisalimia, ataniuliza hoteli iko wapi, na mimi nitamwambia nini, kwamba nafua?

Pasta akauliza, "Nani ana ushuhuda leo?"

Hapo ndipo palikuwa na uamuzi wangu mdogo. Ningebaki nimekaa. Lakini niliona watu wanatazama mbele, nikajua nikisimama naye atanitazama, na nilikuwa na hamu ya kutazamwa na yule mtu mwaka mzima, nikasimama.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

"Mnajua hoteli yangu ilichukuliwa na maji." Watu wakaguna kwa huruma, na ile huruma sikuitaka, siyo mbele yake, kwa hiyo nikaendelea haraka. "Lakini Mungu wetu si wa kuacha watu kwa matope. Siku hizi niko Parklands."

Kanisa likapiga makofi. Sasa ningekaa hapo ningekuwa nimesema kweli, si nilikuwa Parklands? Lakini nyinyi hamjawahi kupigiwa makofi na watu mia mbili. Ni kitu kibaya sana. Nikasikia mdomo wangu unasema Mungu amenifungulia hoteli nyingine huko, kubwa kuliko ile ya kwanza. Makofi. Yenye meza na viti vya kuegemea. Makofi na vigelegele. Kwamba nimeajiri wasichana wawili (mmoja nilimpa hata jina, Ndinda, sijui nilimtoa wapi), na kwamba wateja ni madaktari. Nikamalizia kwamba sina haja ya kitu chochote, Mungu amenifanyia yote. Nikakaa chini, na nikageuka kidogo kumwangalia Wambua. Alikuwa anapiga makofi pia. Anatabasamu, lakini polepole.

Ulipofika wakati wa sadaka, wale wenye mazao wakaanza kuyapeleka mbele, kwetu tunatoa mazao na baada ya ibada yanapigwa mnada hapo hapo, pesa inaenda kwa kanisa. Wambua akainuka, akatoka nje. Nikadhani anaondoka, roho ikashuka hadi kwenye viatu. Kumbe alikuwa anaenda langoni, akarudi na nusu gunia begani, akalitua mbele ya madhabahu kando ya jogoo na malenge ya watu, akarudi kukaa bila kunitazama. Ndengu. Niliona kijani chake kwenye tundu la gunia.

Mwendesha mnada wetu ni Mzee Kilonzo, na Mzee Kilonzo ndiye mwenyekiti wa kamati ya mikopo ya chama (naona mmeanza kuelewa). Ni mtu mpole sana mpaka apewe kitu cha kunadi.

"Jogoo huyu!" akaita. "Tuanze na nani? Tuanze na mama wa Parklands! Mama Mutheu, fungua!"

Watu wote wakageuka. Nikataja bei, ndogo, ya heshima, na kwa bahati mtu mwingine akaipandisha nikapumua. Malenge, vivyo hivyo. Miwa, vivyo hivyo. Kisha akaweka mkono juu ya lile gunia.

"Hii ni ndengu ya Makueni, imeletwa na ndugu yetu aliyetoka mbali. Nani anaitaka?"

Mama Faith akainua mkono. Mama Faith ni jirani yangu wa zamani Dagoretti, anauza mitungi ya gesi, ni mjane, ana sauti nzuri na meno mazuri, na alipoinua mkono alikuwa amegeuka anamtazama Wambua na kucheka. Sikufikiria ndengu tena. Nilipandisha. Akapandisha. Nikapandisha. Mzee Kilonzo alikuwa anarukaruka. "Mnaona watu waliobarikiwa! Mama Faith, utashindwa na mama ana madaktari?" Akapandisha. Na mimi, ambaye asubuhi hiyo nilikunywa chai bila maziwa, nikataja kiasi chote kilichokuwa kwenye simu yangu, hadi sumni ya mwisho, zile hisa za Jumanne, mashuka yote ya Parklands niliyofua miezi miwili.

Kanisa likalipuka. Nikatuma pesa hapo hapo, na ujumbe ulipoingia unaoniambia nimebaki na nini, niliufuta bila kuusoma.

Wambua alinikuta nje, karibu na lango, nimesimama na gunia langu kama askari.

"Mama Mutheu."

"Wambua. Mama anaendeleaje?"

"Tulimzika mwezi wa nne."

Nikampa pole. Nilikuwa nataka kumshika mkono lakini mkono wangu ulikuwa mkavu na umechubuka, nikauacha ndani ya mfuko wa sweta.

"Naona umeendelea," akasema.

"Tunashukuru Mungu."

Akazungusha kofia. "Huko Parklands, hukosi watu wa kazi?"

Jamani. Mtu wa maneno kumi alikuwa amekuja na swali, akaliweka mbele yangu, na mimi badala ya kulijibu nikacheka kile kicheko cha mwanamke mwenye viti vya kuegemea. "Watu wako wengi mpaka tunawafukuza," nikasema. "Labda uje kama mteja."

"Haya," akasema. "Ni vizuri. Mimi nilikuwa napita tu." Akavaa kofia, akaenda. Nilimtazama mpaka akapinda kona, nikijiambia atageuka, na hakugeuka.

Jumanne nikaenda mjini. Ofisi ya chama iko ghorofa ya tatu, juu ya duka la kuuza vitambaa, na ukumbi ulikuwa umejaa wanachama, na mbele kulikuwa na Mzee Kilonzo amevaa tai na afisa wa serikali aliyetumwa kusimamia, dada mmoja mtulivu mwenye miwani. Nilikuwa nimejiambia kanisa ni kanisa na chama ni chama. (Nilijiambia hivyo kwa miguu, kutoka Kinoo hadi Westlands, kwa sababu nauli ilikuwa imebaki ya nusu ya njia.) Watu wale wale! Wale wale niliowaacha Jumapili, na nguo zile zile wengine.

Jina langu likaitwa. Nikasimama.

"Nilikuwa na hoteli Dagoretti," nikasema. "Maji yakaichukua yote. Sasa sina kitu."

Ukumbini watu wakainamisha vichwa kama wanaojizuia kucheka. Halafu kutoka nyuma, Mama Faith, kwa sauti yake nzuri: "Hiyo ya Dagoretti ndio haiko, ama hiyo ya Parklands?"

Kicheko. Mzee Kilonzo akagonga meza lakini na yeye mabega yalikuwa yanatikisika. Yule afisa akainua macho. "Mama, uko na hoteli Parklands?"

"Hapana."

"Ako nayo!" mtu akasema. "Madam, ako na madaktari. Ako na Ndinda!"

"Si video iko kwa grupu ya kanisa," mwingine akasema, na kabla sijasema neno simu ilikuwa imepitishwa mbele, ikawekwa mezani, na nikasikia sauti yangu ikitoka humo, nyembamba, yenye furaha, ikisema viti vya kuegemea. Hakuna kitu kinachouma kama kujisikia unadanganya kwa furaha. Na makofi. Ile simu ilikuwa na makofi mengi.

Afisa akaizima. "Pesa hii ni ya dharura," akasema polepole, hakuwa mkali. "Ni ya mtu ambaye biashara yake imeisha. Naandika gani sasa? Ya kanisani ama ya hapa?"

"Ya hapa," nikasema. "Mimi nafua nguo, madam. Hiyo Parklands naenda kufua." Nikatoa mikono kutoka kwenye sweta nikaiweka mezani mbele ya watu wote, na sijui kwa nini, hapo ndipo machozi yalipokuja.

"Sasa ulidanganya kanisa kwa nini?" Mzee Kilonzo akauliza, kicheko kimemwisha.

Ule mdomo uliosema mengi Jumapili nikaufunika kwa mkono.

"Si ni Wambua," Mama Faith akasema. "Alikuwa amekaa nyuma. Kwani nyinyi hamuoni vitu?"

Hapo watu walicheka mpaka nikasikia wenye duka la vitambaa wanauliza kuna nini juu. Walijua! Miaka minne nilidhani ni siri yangu na benchi, kumbe Dagoretti nzima ilikuwa inajua, hata Mzee Kilonzo alitikisa kichwa kama mtu anayekumbushwa bei ya sukari. Nilitamani kile kijito kirudi kinichukue na mimi. Na katikati ya kicheko, nikiwa nalia na kamasi inanitoka, nikasema, kwa sababu sasa kulikuwa na nini cha kuficha, "Ni Wambua. Sikutaka anione hivi."

Kicheko kikapungua, kikaisha.

"Utaratibu ni mashahidi watatu," Mzee Kilonzo akasema. "Nani aliona hoteli ya Dagoretti ikianguka? Na mjue hili neno ni la kuapa."

Hakuna aliyesonga. Mtu aliyedanganya Jumapili, nani atamsimamia Jumanne? Nilianza kukunja karatasi zangu. Kisha kiti kikalia nyuma, na aliyesimama alikuwa Mama Faith.

"Mimi niliona," akasema. "Nilimwona akitoa sufuria kwa matope. Alitoa tatu. Nilimwita aje akunywe chai akakataa." Akakaa, kisha akainuka tena. "Na hiyo ndengu ya Jumapili nilikuwa naitaka tu kwa sababu ni ndengu."

Baada yake wakasimama wawili, wachinjaji wangu wa zamani. Hisa hazikuwa zimefika, na pesa iliyoingia kwa kanisa haitoki, kwa hiyo wakanipitishia nusu tu ya mkopo niliouomba, na kamati ikaongeza sharti lake: Jumapili inayofuata nisimame mahali pale pale niufute ule ushuhuda kwa mdomo ule ule. Hiyo ndiyo mara ya pili niliyowaambia. Nilisimama, nikasema Ndinda hayuko, watu wakasema amina.

Lakini hiyo bado siyo aibu yenyewe. Hiyo ilikuwa ya watu, na ya watu huisha.

Jumatano asubuhi, kesho yake baada ya mahojiano, niliamua kuchemsha zile ndengu niuze kando ya barabara hapo Kinoo nikingoja mkopo. Nikafungua gunia, nikaanza kumimina kwenye beseni nizipete. Zilimiminika vizuri, kisha zikasita, kitu kimeziba. Nikaingiza mkono. Nikashika waya.

Nilijua kabla sijautoa. Mkebe wangu, umesuguliwa mpaka unang'aa kuliko nilivyoutoa, umefungwa kwa karatasi ya nailoni mara mbili ili usimwagike, na ulikuwa mzito. Nikafungua mfuniko. Ulikuwa umejaa asali hadi ukingoni, ile nyeusi ya kwetu, na kipande cha sega juu. Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu, mnajua. Nilikaa chini kwenye sakafu katikati ya ndengu nikaukumbatia, na nikaelewa kila kitu kwa mpangilio wake: kwamba gunia lilikuwa langu tangu Makueni, kwamba alilibeba mpaka lango la kanisa akaliacha kwa bawabu ili anisalimie kwanza, kwamba alikaa nyuma akanisikia nikiwaambia watu mia mbili sina haja ya kitu chochote, na kwamba hapo ndipo alipoinuka akalipeleka kwa Mungu.

Nikapiga namba yake, ile niliyokaa nayo mwaka mzima bila kuthubutu kuipiga. Alichukua mara ya tatu.

"Wambua, ulikuja kufanya nini?"

Akasema maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia. "Niliambiwa hoteli imebebwa na maji. Nikauza mbuzi waliobaki. Nikafikiri kama hutakataa, tujenge banda, tuanze wote wawili, wewe upike na mimi nioshe. Nikakuta hauko hapo tena. Nikafurahi kwa ajili yako, usifikiri sikufurahi."

"Nilidanganya," nikasema. "Hakuna hoteli. Nafua nguo. Nilidanganya kwa sababu wewe uliingia."

Nyuma yake kulikuwa na malori, mengi, ya barabara kuu.

"Mimi niko Mtito," akasema. "Kaka yangu alikuwa ananiita tufungue bucha hapa. Jumatatu nimelipa kodi ya mwaka."

Jumatatu. Jumapili ningebaki nimekaa, Jumatatu ingekuwa siku nyingine.

"Mkebe uliupata?" akauliza.

"Niliupata."

"Nilipoona ni wewe umenunua lile gunia, nikasema angalau umefika. Basi hatudaiani, Mama Mutheu."

Hatudaiani. Alilisema kwa upole, kama mtu anayefunga mlango taratibu asiamshe mtoto, na nimekuwa nalisikia tangu siku ile kila ninapoosha vyombo.

Sasa hoteli ipo. Ni ndogo, mabenchi matatu, nimeijenga juu mbali na kijito, na wachinjaji wamerudi na magambuti yao na chapati yao ya katikati, na silalamiki, muulizeni yeyote. Mama Faith hula kwangu bure siku za Ijumaa, hilo nimeapa. Na ushuhuda sitoi tena. Pasta akiuliza nani ana neno, mimi nashika benchi kwa mikono miwili, na nikiwa na neno la kumwambia mtu nitamwambia yeye, langoni, na vidole vyangu nje.

Asali nilikula kidogo kidogo, kijiko kimoja kila asubuhi kabla ya kukanda unga, na mwezi uliopita ikaisha. Nikauosha mkebe, nikausugua. Kuna dereva wa lori la mbuzi anayepita Mtito kila Alhamisi, nikamwita, nikampa mkebe mkononi, chapati sita chini na ndengu juu, nikamwambia ampe Wambua wa bucha na amwambie, kwa ukali, kwamba huo mkebe wangu nautaka.

Dereva amepita Alhamisi tatu sasa. Kila mara namuuliza ulifika, ananiambia ulifika, mama, alikula chakula chote akiwa amesimama. Namuuliza ameurudisha? Ananiambia bado, anasema hajapata cha kuweka ndani.